Kuhesabu Njia Panda za Nicodemus

Tulitoka Kansas City saa kumi na moja alfajiri, mama mkwe kiti cha mbele, bahasha ya kaki mapajani. Tuliposimama Salina kujaza mafuta alishuka nayo, akaingia nayo dukani, akarudi nayo na kahawa mkono wa pili. Mume wangu akamtania kwamba hiyo bahasha nayo ifungwe mkanda. Hakucheka. Ndani mlikuwa na nakala za karatasi za shamba la babu wa baba yake, mtu aliyezaliwa mtumwa Kentucky akafa mkulima Kansas, na safari nzima ilikuwa ya kwenda kulitafuta shamba hilo, nje ya kimji kiitwacho Nicodemus.

Kwa hesabu ya kwetu, mama mkwe ni kitukuu wa yule mzee, mume wangu ni kilembwe, na wanangu wawili waliokuwa wamelala nyuma ni vining'ina. Nilimfundisha Mama maneno hayo mwaka nilioolewa, naye huyatumia vibaya kwa makusudi. Akiwakasirikia watoto huwaita vilembwekeza.

Ukipita Salina miti inaanza kukuaga. Inabaki nyasi, upepo na anga kubwa mno. Sehemu fulani hata nguzo za uzio ni za mawe ya chokaa, kwa sababu wakulima wa kwanza walitafuta mti wa kuchonga wakakosa. Mimi ni mtu wa Kongwa, ukame na uwazi havinitishi, lakini hata mimi nilijikuta natafuta kichaka cha kupumzisha macho.

Saa nne asubuhi tukaingia Ellis, mji mdogo wa reli. Hapa ndipo watu Weusi wapatao 300 kutoka Kentucky waliposhuka kwenye treni Septemba 1877. Wengi wao miaka kumi na mbili nyuma walikuwa bado mali ya watu. Walikuwa wameahidiwa mji wao wenyewe uitwao Nicodemus, ulioanzishwa mwaka huohuo na mchungaji mmoja Mweusi, W. H. Smith, akishirikiana na dalali wa ardhi Mzungu, W. R. Hill. Matangazo yalisema ardhi ni nzuri, maji yapo, njooni. Kutoka Ellis hakukuwa na treni wala barabara. Walitembea siku mbili kwenda kaskazini na mizigo, watoto na wagonjwa. Sisi tulitumia chini ya saa moja, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na mdogo bado alilalamika.

Walichokikuta hakikuwa mji. Mwaka uliofuata alikuja na kundi jingine mama mmoja, Willianna Hickman, ambaye kumbukumbu zake husimuliwa hadi leo. Wanaume walipoanza kushangilia kwamba Nicodemus ile pale, yeye akatazama asione kitu. Mumewe akamwonyesha moshi unaofuka kutoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi mashimoni. Akaanza kulia.

Wa kundi la 1877 nao walikasirika, na familia nyingi ziligeuza zikarudi zilikotoka. Mzee wetu alibaki. Kila nikimuuliza Mama kwa nini alibaki, hujibu kwa mkato: "Labda hakuwa na nauli." Ndivyo alivyo. Hapendi mtu amfanye babu yake shujaa kwa jambo ambalo huenda lilikuwa umaskini tu.

Kuhusu yale mashimo nina la kusema. Unachimba kwenye ubavu wa kilima, unaweka ukuta wa mbele wa mapande ya udongo yenye mizizi ya nyasi, juu unalaza nguzo, vijiti na udongo tena. Nilipoona picha zake nikasema: hii si tembe? Nimelala kwenye tembe ya bibi yangu likizo zote za utotoni. Najua udongo unavyodondoka chunguni wakati mboga inachemka, na namna mtu anavyotazama dari usiku kabla ya kuzima taa, maana nyoka naye anapenda paa lenye joto. Kina mama wa nyanda hizi walitundika vitambaa darini kuzuia vumbi. Bibi hakuwa na kitambaa cha kuchezea, alifunika chungu.

Kuni zilikuwa taabu, watu wakachoma mavi makavu ya nyati na ng'ombe. Majira ya baridi ya kwanza wanaume wengi walikwenda mbali kutafuta vibarua, hasa vya reli, wake wakabaki mashimoni na watoto. Inasimuliwa kwamba Waosage, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda ndio waliowagawia nyama. Nalitaja hilo kwa sababu ardhi hii haikuwa tupu. Wapawnee, Wakansa na Wacheyenne walikuwa wameondolewa humu muda si mrefu, na ndiyo maana serikali ilikuwa na kitu cha kugawa.

Kugawa kwenyewe kulikuwa na masharti. Sheria aliyoitia saini Rais Lincoln Mei 20, 1862 ilimpa mtu ekari 160 za bure, na bure hiyo ilikuwa na ada, jumla dola 18. Kisha ujenge nyumba, ukae miaka mitano, ulime, na mwishoni ulete majirani wawili waape kwamba kweli umekaa na umelima. Bibi yangu alilima ekari tatu akahesabiwa mchapakazi. Hawa wengi hawakuwa na farasi wala plau. Nyasi za nyanda zile mizizi yake imesukana kama mkeka na imeshuka chini kuliko kimo cha mtu, nao wakaivunja kwa majembe ya mkono na sururu. Nina makovu mawili mguuni ya jembe la mkono, na nililia kwa kupalilia tu.

Nicodemus tuliifikia mwisho wa Julai makusudi, kwa sababu ndiyo wikiendi ya watu kurudi nyumbani. Sikukuu hiyo ina asili ya Agosti 1, siku ya kukumbuka uhuru wa watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza. Wanaokaa mwaka mzima unaweza kuwahesabu kabla chai haijapoa. Siku zile magari yalijaa kutoka Denver, Topeka na California, moshi wa nyama choma ukavuka barabara, na kila bibi kizee alinishika kidevu akaniuliza mimi ni wa nani. Wakishatajiwa jina la ukoo, basi. Nikapewa sahani.

Kwenye ukumbi wa mji, uliojengwa 1939, tuliona picha za siku za neema: hoteli, magazeti, maduka. Mwaka 1887 wananchi walipiga kura ya kutoa hati za mkopo za dola 16,000 ili reli iwapitie. Haikuwapitia. Mwaka 1888 ilijengwa ng'ambo ya kusini ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakahama kuifuata. Nimeona miji ya kwetu ikifa hivyohivyo kwa barabara ya lami kupita pembeni. Picha za baada ya hapo ni chache.

Mchana tukaenda kutafuta shamba. Karatasi za Mama hazina jina la kijiji wala mto, zina namba: robo ya kaskazini-mashariki ya seksheni fulani. Serikali iliikata nchi hii kwa miraba ya maili moja moja, ndizo seksheni. Kila mraba ni ekari 640, robo yake ni zile 160, na barabara nyingi za vumbi hupita kwenye mipaka ya miraba. Kwa hiyo shamba la mwaka 1877 unaliendea kwa kuhesabu njia panda. Watoto walihesabu kwa sauti. Walipofika nne tukajikuta uani kwa mtu, mbwa wawili wanabweka, mwenyewe ametoka na taulo begani. Kumbe barabara moja haikujengwa kamwe, kuna korongo. Akatuelekeza bila kuuliza tunatafuta nini. Bila shaka hatukuwa wa kwanza.

Lile shamba si la ukoo tena, lilikwenda miaka ya 1930, miaka ya ukame na dhoruba za vumbi. Tukasimama nje ya waya. Mama akafungua bahasha akasoma: nyumba ya udongo futi 14 kwa 16, mlango mmoja, dirisha moja, kisima, zizi, ekari 35 zimelimwa. Chini kabisa mahali pa sahihi kuna alama ya mkasi, X, na pembeni karani ameandika "alama yake". Mkono mmoja wa ile X ni mrefu na umebonyezwa sana, wino umevuja. Majirani wawili nao wameweka za kwao.

Upande wa korongo kulikuwa na bonde dogo lenye vichaka vya matunda pori. Labda ni pale, labda si pale. Shamba lililobaki lote lilikuwa mtama, mfupi, haufiki kiunoni, mashuke ndiyo kwanza yanachomoza. Nikamwambia Mama kwamba kwetu huu ndio ugali, na kwamba bibi yangu angesikia huku wanalishia ng'ombe asingekula siku hiyo.

"Unapikwaje?" akauliza.

Nikamweleza: kukoboa, kusaga, maji yachemke kwanza. Alisikiliza huku anatazama shamba. Kisha akapitisha mkono katikati ya waya, akavunja suke moja bichi, akalitia ndani ya bahasha pamoja na karatasi. Nikatazama nyuma kama mwenye shamba anatuona. Mama alikuwa ameshafika kwenye gari.