Mwanamke Aliyebaki Akisaga

Jumamosi foleni ya mashine ya kusaga ilikuwa ndefu, umeme unakuja na kuondoka, na mtoto alikuwa ameshachoka kurukia magunia ya pumba. Akauliza, "Mama, kabla ya mashine nani alikuwa anasaga?" Wanawake, nikamjibu. "Wanawake gani?" Mwenye mashine akacheka. Mimi akili ilishahamia Athens, kwenye kile chumba cha chini ya ardhi mtaa wa Kypseli.

Enzi hizo bado namtunza yule mzee wa ghorofa ya nne. Jumapili alasiri, siku yetu ya kupumua, tulikuwa tunakutana mle wanawake wa kazi za ndani, na mwalimu mmoja mstaafu akitusomesha bure. Siku hiyo alitaka kila mtu achague mwanamke mmoja wa hadithi za kale za Wagiriki, aongee kwa kinywa chake. Lugha yoyote, maana tutaelezana kwa Kigiriki chetu cha sokoni.

Mfilipino alimgeuza Penelope, yule mke aliyebaki kisiwa cha Ithaca akimsubiri mumewe Odysseus arudi vitani: mke ndiye kasafiri, mume ndiye anasubiri Ithaca na watoto. Mgeorgia alimchukua Medea, kwa kuwa Colchis, kwao Medea, ndiyo Georgia ya magharibi ya leo, na alimkasirikia Euripides, mtunzi aliyemwonyesha akiua wanawe, utadhani tamthilia ile ya mwaka 431 kabla ya Kristo ilichezwa juzi. Mimi nilikuwa na kurasa zangu za Penelope pia. Alifuma sanda ya baba mkwe mchana, akaifumua usiku, akawazungusha miaka mitatu wachumba waliojazana kwake, aliowaambia wasubiri sanda iishe, na muda wote huo aliongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kiswahili safi, ndani hamna mtu.

Wiki hiyo hiyo, kwenye kitabu cha ishirini cha Odyssey, utenzi wa Homer, nikamkuta mwingine. Odysseus amerudi kwa siri, kavaa matambara ya ombaomba, anamwomba Zeus, mkuu wa miungu, ishara. Zeus ananguruma na anga haina wingu. Jirani hapo, penye mawe ya kusagia, yupo mwanamke. Wanawake kumi na wawili ndio wanaosaga nyumba ile; kumi na mmoja wameshamaliza, wamelala. Yeye ndiye mnyonge kuliko wote, bado anasaga. Anasimamisha jiwe na kuomba kwamba karamu ya leo iwe ya mwisho kwa hao wachumba waliomlegeza magoti kwa kazi ya unga. Odysseus anasikia, anafurahi, ishara kaipata. Mwanamke yule haonekani tena. Jina hana, na habari yake yote haifiki mistari ishirini.

Wachumba walikuwa 108. Hebu piga hesabu ya unga.

Yale magoti ndiyo yaliyonishika. Bibi mzaa mama, kule Dodoma, alisaga uwele akiwa amepiga magoti, jiwe kubwa limelala mbele yake, dogo mikononi, na alikuwa anaimba. Wimbo wa kusagia ulikuwa na ruhusa zake. Humo alimsema wifi, alimsema babu, alimsema mpaka mchungaji, na wenyewe wako uani wanasikia. Maneno yale yale angeyasema amekaa kwenye kigoda, kungeitishwa kikao cha ukoo.

Zamu yangu ikafika. Nilisoma mistari miwili nikiwa kwenye kiti, haikuwa na pumzi. Nikashuka. Vigae vilikuwa vya baridi, nimevaa suruali ya kazini. Nikapiga magoti, nikaweka viganja sakafuni, nikasukuma mbele, nikavuta nyuma, mabega yakafuata, na sauti ikateremka mpaka pale bibi alipokuwa akianzia:

Saga, jiwe, saga,
wao mia na nane, mimi mmoja.
Wenzangu wamelala,
kikapu changu hakijajaa.
Zeus unayenguruma bila wingu,
leo wale, kesho wasile.

Nikarudia. Ukisukuma jiwe kuna mahali pumzi inakatika, na neno nalo linakatika hapo hapo. Mgongo ndio uliopanga mizani. Mwethiopia aliyekaa mlangoni, ambaye miezi yote hatukuwahi kumsikia zaidi ya salamu, akaanza kupiga meza kwa kiganja, taratibu, kwenye kuvuta, wala si kwenye kusukuma. Huyu amewahi kusaga, nikawaza. Ndipo ukanitoka mstari ambao kwenye karatasi haukuwepo:

Bibi wa juu anafumua alichofuma;
mimi unga nitaufumuaje?

Hakuna aliyejua Kiswahili mle ndani. Wakacheka pale pale penye kicheko.

Nilipomaliza kueleza, mwalimu alikuwa ameshafungua kitabu cha ishirini na mbili, kidole kiko kwenye mstari. "Mwanangu," akasema, "kumi na wawili wanasaga. Na kumi na wawili wananyongwa."

Wachumba wakishauawa na Odysseus, katika wajakazi hamsini wa nyumba ile wanatolewa kumi na wawili walioshtakiwa kulala nao. Kwanza wanabebeshwa maiti, wanasuguishwa meza na viti kwa sifongo. Kisha Telemachus, mwana wa Odysseus, anawatundika kwa kamba ya meli. Homer anawafananisha na ndege walionaswa mtegoni. Miguu ilitapatapa kidogo, si kwa muda mrefu.

Kama ni wale wale wa kwenye mawe, Homer hasemi. Mimi nadhani si wao; kumi na mbili ni hesabu anayoipenda, meli za Odysseus kumi na mbili, mashoka ya shindano la upinde kumi na mawili. Mwalimu hakubishana. Aliuliza tu, "Huyu wako, jioni ile yuko wapi?"

Jioni ile nimeiandika mara nyingi tangu nirudi nyumbani. Kuna aliposhika sifongo, kuna alipokuwa kwenye kamba, na dua yake ya asubuhi hiyo hiyo imejibiwa. Ninayoipenda, Penelope, ambaye kwa Homer anasinzishwa na mungu wa kike Athena, mauaji yote yanampita, nimemnyang'anya usingizi wake nikampa msagaji. Amelala, jiwe limepumzika. Mwalimu nikamtumia kwa WhatsApp. Akajibu kwamba ni nzuri, ila sasa kwenye kamba wapo kumi na mmoja, wa kumi na mbili nimemtoa wapi? Nikamwambia amtafute miongoni mwa hao hamsini. Akasema kuchagua ni kazi ya mwandishi, na yeye amestaafu.