Njia ya mwanga ndani ya fuwele
Juzi jioni umeme ulipokatika hapa Dodoma, nilimwonesha mwanangu jinsi mwanga wa tochi unavyofuata mchirizi wa maji unaotoka kwenye chupa iliyotobolewa, nikamweleza kwamba njia kama hiyo hutengenezwa ndani ya fuwele ya lithiamu niobeti, kitu kigumu kinachopitisha mwanga.

Fuwele huzamishwa katika asidi ya benzoiki iliyoyeyushwa, yenye joto la takribani nyuzi 200 za Selsiasi, ayoni za lithiamu (chembe zenye chaji ya umeme) zikatoka na protoni za asidi zikaingia mahali pake. Kwa mwanga mwekundu wenye mtetemo wa upande mmoja tu, kipimo cha kupinda mwanga hupanda kutoka 2.20 hadi karibu 2.32, katika tabaka lenye unene wa mikromita chache, na tabaka hilo ndilo linalounasa mwanga kama ule mchirizi wa maji. Kinachonigusa zaidi ni hatua inayofuata: fuwele hupashwa tena joto, bila asidi, ili protoni zisambae na fuwele irudishiwe uwezo wake wa kuitikia umeme, uliopungua protoni zilipoingia.