Kajiado, Kufuata Njia za Mchwa

Nilikwenda Kajiado kwa sababu ya kazi ya Johanna Darlington, mwanazuolojia aliyechunguza mchwa kwa miaka mingi. Mwaka 1982 alichapisha vipimo vya njia za chini kwa chini za kichuguu kimoja cha huko: takriban kilomita 6. Kichuguu kimoja! Nikasema lazima niikanyage ardhi hiyo.

Barabara ya Namanga sina la kueleza. Bodaboda ndiyo iliyoniumiza. Tulipatana shilingi 300, lakini tulipofika porini akadai 800, la sivyo hanisubiri. Nikalipa, naye akaondoka vilevile. Hasira ilinikaba kweli.

Nikajibanza chini ya mgunga hadi akatokea mzee wa Kimaasai na ng'ombe wake. Nilimweleza nilichofuata, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Njoo." Nilidhani tunakwenda kwenye kichuguu, kumbe anakipa kisogo. Tulitembea mbali kidogo, akainama, akachokonoa udongo kwa ncha ya fimbo. Njia ikafunguka, nyororo ndani, na askari wenye vichwa vikubwa wakajaa mdomoni mwake.

"Hawa wanashindana na ng'ombe wangu," alisema. "Kiangazi kikikaza, nyasi zilizobaki ni zao."

Nilipiga magoti pale kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa tumefunua kipande cha kiganja tu. Darlington alizifuata njia kama hizo, pamoja na makumi ya maelfu ya vishimo ambamo mchwa huweka chakula kabla ya kukipeleka kwenye kiota. Hata kuwahesabu ni kazi ya akili: alifukiza kiota kwa gesi kwanza, ndipo akachimba na kuchukua sampuli, kwani ukibomoa ovyo wanatawanyika. Subira ya namna hiyo naistahi kuliko vyeo.

Kwetu Kakamega tunawajua kumbikumbi. Mvua ikinyesha, watoto tunapiga ngoma juu ya kichuguu watoke, tunawakaanga, yameisha. Hao wanaobaki chini, wanaolima kuvu wao gizani mwaka mzima, shuleni hakuna aliyetutajia. Inaniuma, maana vichuguu vilikuwa uani kabisa.

Mdogo wangu anasomea zuolojia chuoni na bado hajachagua mada. Jioni ile, nikiwa bado natafuta usafiri wa kurudi, nilimwandikia achague mchwa. Mahali pa kuanzia anapo, nyuma ya jiko la mama.