Nilivyotafuta chanzo cha mabadiliko kiwandani kabla ya kuwagusa watu

Nimesimamia uzalishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka mingi. Kuna kipindi uzalishaji ulishuka robo mwaka baada ya robo mwaka, ilhali mashine zilikuwa zilezile, mafundi walewale na saa za zamu hazikubadilika. Kwenye kikao cha menejimenti hukumu ilikuwa imeshatolewa: vijana wamelegea. Pendekezo lilikuwa kupunguza watu, kisha waliobaki wabanwe kwa malengo mapya.

Niliomba nisome kadi za kazi kwanza. Kila oda kwetu ina kadi yake: saa fundi alipoanza kuandaa mashine, saa nakala ya kwanza iliyo safi ilipotoka, saa kazi ilipokamilika. Nilizipanga kwa miaka na kuzilinganisha. Kasi ya kuchapa haikuwa imeshuka hata kidogo. Kilichobadilika ni ukubwa wa oda. Wateja waliozoea kuagiza maelfu ya nakala kwa mkupuo mmoja sasa walikuwa wanaagiza mamia machache, wanarudi baada ya muda mfupi, na kila wakirudi wana marekebisho.

Asiyejua ofseti, yaani uchapaji unaotumia bamba za metali zenye picha ya kazi, ziitwazo pleti, anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Katika ofseti uzito wa kazi uko mwanzoni: kutengeneza pleti, kuzifunga, kusawazisha wino na maji, kuhakikisha rangi nne zinakaa mahali pake, na kutupa karatasi za majaribio mpaka rangi itulie. Ukishavuka hapo, mashine inamwaga maelfu ya nakala kwa saa. Sasa mafundi wetu walikuwa wanavuka hapo mara nyingi zaidi katika zamu ileile. Watu walioitwa wavivu walikuwa wanafanya kazi ngumu kuliko wakati wowote, na nilisema hivyo kikaoni, kadi zikiwa mezani.

Chanzo kilikuwa nje ya uzio wetu. Wateja walikuwa wameanza kusambaza taarifa zao kwa intaneti, wakibakiza kwenye karatasi kile tu kilichohitajika kushikwa mkononi. Mashine za kidijitali, ambazo hazihitaji pleti, nazo zilikuwa zimewazoesha watu kuagiza kidogo kidogo. Mabadiliko ya aina hii hayaji na barua. Yanaonekana kwanza ndani, kama uchovu wa wafanyakazi, makosa ya rangi au ugomvi kati ya idara ya mauzo na ya uzalishaji. Ndiyo maana ni rahisi sana kumwadhibu mtu kwa jambo lililoanzia sokoni.

Tangu hapo najiuliza swali moja kabla ya kupanga lolote: je, hili tunaweza kuliondoa, au tunaweza kujirekebisha tu? Lililoanzia ndani, kama uongozi mpya, fundi aliyeondoka, mfumo mpya wa hesabu au mkakati uliobadilika, kwa kawaida lina mtu wa kukaa naye mezani. Lililoanzia nje, kama sheria, bei za malighafi, teknolojia, ushindani au ladha ya wateja, halisikilizi vikao vyetu. Ukilitibu la nje kama la ndani utafukuza watu na oda ndogo zitabaki palepale.

Tulijirekebisha. Kazi za karatasi na rangi zinazofanana zilipangwa zifuatane, ili fundi asioshe rola bila sababu. Kisha tukafuata njia aliyoifundisha mhandisi Mjapani Shigeo Shingo: tenganisha maandalizi yanayolazimu mashine isimame na yale yanayoweza kufanyika ikiwa inazunguka. Shingo alisimulia kwamba mwaka 1969, katika kiwanda cha Toyota, kubadilisha vifaa kwenye mashine ya kukandamizia yenye nguvu ya tani 1,000 kulichukua saa 4, na hatimaye kukashushwa hadi dakika 3. Sisi hatukufika huko. Lakini pleti na wino wa kazi inayofuata vikiwa tayari kando ya mashine, unaona tofauti bila kuitafuta. Kazi ndogo kabisa tulizihamishia kwenye mashine ya kidijitali tuliyoinunua baadaye.

Wapo waliosema teknolojia ingetumaliza tu, tufanye nini. Niliwajibu kwa mfano wa tasnia ya picha. Kamera ya kidijitali ilibuniwa ndani ya Kodak yenyewe, kampuni iliyoishi kwa kuuza filamu za kamera, na mhandisi wake Steven Sasson, mwaka 1975. Januari 2012 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mshindani wake wa Japani, Fujifilm, alikumbwa na wimbi lilelile la filamu kukosa wanunuzi, akauelekeza ujuzi wake wa kemia kwenye vipodozi, dawa na filamu maalumu za skrini, na bado yupo. Nguvu ya nje ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni maamuzi ya ndani, na hapo ndipo msimamizi anapopaswa kuweka nguvu zake.

Upinzani ulikuwepo, tena kutoka kwa fundi wetu hodari kuliko wote. Hakutaka kazi zipangwe na ofisi. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyefariki mwaka 1947, aliyatazama mabadiliko kama mvutano wa nguvu zinazosukuma na zinazozuia, akaonya kwamba kuongeza msukumo huongeza mvutano pia, wakati kupunguza kizuizi hupunguza. Ushauri huu naupenda kuliko hotuba zote za kuhamasisha. Nilikaa na mzee yule nikamuuliza kinachomzuia. Alihofia kwamba mpangaji asiyejua wino angemletea rangi nyeusi nzito na mara baada yake rangi ya njano, halafu lawama za uchafu zimwangukie yeye. Hofu yake ilikuwa ya haki kabisa. Tukampa yeye mwenyewe neno la mwisho kwenye ratiba, na akawa mlinzi wake mkali kuliko mimi.

Mwaka 2021 mambo yakageuka. Karatasi zilianza kuchelewa na kila mtu alikuwa na jibu: meli. Kweli, Machi mwaka huo meli ya Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku 6, na nauli za makontena zilikuwa zimepanda vibaya duniani kote. Jibu lilikuwa na ukweli wa kutosha kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi. Nilichukua maombi ya ununuzi nikaangalia tarehe. Safari ilikuwa imerefuka, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokea kabla ombi halijatoka kwenye jengo letu. Mwanzilishi wa kampuni alikuwa amestaafu, na mkurugenzi mpya alitaka kusaini kila ununuzi mwenyewe, hata akiwa safarini. Kipindi ambacho wasambazaji walikuwa wanampa karatasi anayewahi, sisi tulikuwa tunasubiri saini.

Hili halikuhitaji mkakati wa kukabiliana na soko la dunia. Lilihitaji mazungumzo ya faragha na yenye heshima. Sikumwambia mkurugenzi kwamba anachelewesha kazi. Nilimpelekea tarehe mbili kwa kila oda: siku ombi lilipoandikwa na siku lilipoondoka. Alizisoma kimya, akauliza ni manunuzi gani yanajirudia kila mwezi. Tulikubaliana kiwango ambacho chini yake ofisa ununuzi anaagiza bila kumsubiri, na ripoti inamfikia kila Ijumaa. Oda kubwa na msambazaji yeyote mpya bado vinapita kwake, na naona ni sawa viendelee kupita kwake.