Mtoto asilazimike kujieleza ndipo aheshimiwe

Nafundisha hisabati darasa la saba na la nane hapa Toronto, Kanada. Mwaka 2012 jimbo letu la Ontario liliingiza utambulisho wa kijinsia, yaani mtu anavyojitambua mwenyewe kuwa mwanamume, mwanamke au vinginevyo, katika sheria yake ya haki za binadamu, na sheria nyingine ya mwaka huohuo ikawapa wanafunzi haki ya kuanzisha klabu ya mashoga na marafiki zao, wala mwalimu mkuu hawezi kuwakatalia jina hilo. Nazishukuru sheria hizo. Ila mtoto wa miaka 13 hasomi sheria, anamtazama mwalimu wake.

Wiki ya kwanza nagawa kadi. Kila mmoja anaandika jina analopenda kuitwa darasani, kisha anajibu swali ninalolithamini kuliko yote: nikipiga simu nyumbani, nitumie jina gani? Wengi hurudia lilelile. Wapo wanaoandika mawili tofauti. Kadi nazifungia kwenye mtoto wa meza, kwa sababu jina likiniponyoka mbele ya mzazi asiyejua, kuna mtoto anayeweza kufukuzwa nyumbani.

Makundi nayapanga kwa mwezi wa kuzaliwa, si wavulana huku na wasichana kule. Katika mafumbo ya hesabu, wanaume wawili waliooana wananunua zulia la sebuleni. Darasa linatafuta eneo, tunaendelea. Sitoi hotuba.

Dhihaka ndiyo siiachi ipite. Anayemwita mwenzake shoga kwa kumtusi namkanya papo hapo, mbele ya wote, kwa sentensi moja. Nikinyamaza, yule wa nyuma mwenye siri yake ameshajua nimesimama upande gani.

Mama mmoja wa kwetu Tanga alinifuata siku ya wazazi. "Mwalimu, mnatufundishia watoto nini huku?" Nikamwambia, "Dada yangu, mwanao alipochekwa kwa hijabu yake, nilimtetea?" Akasema, "Ulimtetea, Mungu akubariki." "Basi na huyo mwingine ana mama yake, naye nimemtetea vivyo hivyo." Hakukubaliana nami kwa kila jambo, wala sikumtaka akubali. Tuliongea mpaka mlinzi akaja kufunga.

Sasa nashughulikia fomu za safari za shule. Bado zina mstari wa baba na mstari wa mama, na nina wanafunzi wenye mama wawili, na wengine wanaolelewa na bibi. Nimeiandikia ofisi waweke "mzazi au mlezi". Wakichelewa, nitazichapa mwenyewe kabla ya safari ya Mei.