Kibao cha Balaclava

Jirani amewasha jiko la mafuta ya taa asubuhi hii, na harufu imenirudisha moja kwa moja kwenye karakana ya mzee, fundi wa panga za kale kule Birmingham, kwenye ule upanga uliogoma kutoka alani.

Mzee ndivyo alivyo: hataki hadithi kabla hajaona chuma. Bibi aliyeuleta alianza na hadithi. Mkuu mmoja wa ukoo wao alikuwa afisa wa Hussars wa 11, kikosi cha farasi wepesi cha Uingereza, na tarehe 25 Oktoba 1854, wapanda farasi wa Kiingereza walipoivamia mizinga ya Warusi huko Balaclava, Krimea, upanga mkononi mwake ulikuwa huu. Ushahidi wake ulikuwa kibao cha fedha kwenye ala, kimechorwa jina la vita na tarehe. Mzee aliitikia kwa adabu, akaugeuza mpini.

Kikinga mkono kilikuwa cha pau tatu, ruwaza ya 1821, yaani muundo wa jeshi wa mwaka huo. Kishikio kilikuwa cha mti, kimevikwa ngozi ya samaki aitwaye taa na kuzungushiwa waya wa fedha. Hapo bibi hakuwa na wa kumpinga wala wa kumwunga mkono, kwa sababu maafisa wa farasi wepesi waliutumia mpini huo tangu 1821 mpaka 1896, na wa mizinga nao wakauchukua. Panga nyingi zinazouzwa kama za wapanda farasi ni za wapiga mizinga. Jibu huwa kwenye bapa: za mizinga kwa kawaida huchorwa mzinga, au neno Ubique, kaulimbiu yao ya Kilatini, yaani "kila mahali". Kwa hiyo lazima utoke.

Hapa ndipo watu huharibu mali. Mmoja hushika mpini, mwingine ala, wakavutana. Ndani ya ala ya chuma mna vipande vyembamba vya mti vinavyoubana upanga usichezecheze. Unyevu ukiingia, mti huvimba na kutu hushika pande zote mbili. Ukivuta kwa nguvu, mti hupasuka, kipande kikajikunja na kugeuka kabari, na sasa una shida mbili. Ukigonga mpini kwa nyundo, shina la upanga lililomo ndani ya kishikio hulegea, na hilo halirudi.

Mzee alianza na skrubu mbili ndogo za mdomo wa ala. Akachanganya mafuta ya taa na mafuta ya cherehani, nusu kwa nusu, akamimina vijiko vichache kupitia mdomoni, akausimamisha ncha chini mpaka kesho yake. Asubuhi alivaa glavu za ngozi, akausukuma upanga ndani kwanza, si nje. Nusu milimita. Kisha nje kidogo, kisha ndani tena, huku akiongeza mafuta. Ulitoka na maji mekundu ya kutu, na makali yalikuwa bado yapo. Hizo glavu hazikuwa za mapambo.

Kwenye bapa hapakuwa na mzinga. Palikuwa na nembo ya Hussars wa 11 na herufi VR za Malkia Victoria. Bibi akapiga makofi. Lakini VR ni 1837 mpaka 1901, muda wa kutosha watu watatu kurithiana. Karibu na mpini palisomeka jina la Henry Wilkinson, watengenezaji panga wa Pall Mall, London, na upande wa pili nyota ya pembe sita ikizunguka kidonge cha shaba cha uthibitisho. Basi namba itakuwa mgongoni, maana Wilkinson walianza kupiga namba za mfululizo kwenye panga zao bora katika miaka ya 1850.

Namba hizo huwa na kina kidogo sana. Msasa huzifuta kabla hujazisoma. Mzee alilegeza kutu kwa mafuta na kijiti cha mwanzi, akalaza tochi ubavuni ili kila mkwaruzo utoe kivuli, kisha akaweka karatasi nyembamba na kuisugua kwa penseli laini. Tarakimu zikapanda moja moja kwenye karatasi. Elfu ishirini na kitu. Miaka ya 1870.

Bibi aliuliza kama namba inaweza kukosea. Mzee hakujibu, alihamisha tochi kwenye kibao cha fedha. Pembezoni mwake lehemu ilikuwa imeingia na kujaza vishimo vya kutu. Kutu ilitangulia, kibao kikafuata.

Tuliandika kuulizia daftari za Wilkinson, ambazo mara nyingi hutaja mnunuzi. Mara nyingi, si zote, kwa sababu maafisa wengi waliagiza kupitia mafundi wa sare, na daftari humtaja fundi tu. Jibu lilikuja na jina la duka la sare. Huenda upanga ulikuwa wa mwana wa yule afisa. Huenda baba mwenyewe alinunua mpya. Nembo inaruhusu yote mawili.

Bibi alitaka kibao kitolewe, kwa vile kinasema uongo. Nilikuwa upande wake, na bado niko. Mzee alikataa kukigusa: lehemu yake, alisema, ni ya kale pia, na aliyekibandika pengine alimjua mwenye upanga, nasi hatukumjua.