Tulivyozirudisha jezi zenye jina la bia

Mimi ni mwekahazina wa timu ya mpira ya watoto walio chini ya miaka 14. Kazi ni ya kujitolea: kukusanya michango, kuhakikisha maji ya kunywa yapo, kutafuta jezi. Kwenye jezi ndiko nilikokutana na pombe. Msambazaji mmoja wa bia, aliyekuwa mdhamini wa timu ya wakubwa, alituletea furushi la jezi mpya za saizi za watoto, zimeshonwa vizuri, na kifuani jina la bia limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la timu. Bure kabisa. Wazazi walifurahi, wala siwalaumu, maana jezi za msimu uliotangulia zilikuwa zimechanika mabegani.

Leo watoto wetu wanacheza bila jina la kileo chochote mwilini. Wazazi wa timu nyingine wananiuliza tulifanyaje, na kwa kuwa majibu ya kupeana njiani huishia nusu, nayaandika hapa.

Pingamizi la kwanza lilitoka kwa kocha. "Mama," aliniambia, "mtoto hanywi jezi." Ni hoja yenye nguvu kuliko inavyoonekana, na ukiijibu kwa hotuba utashindwa. Mimi niliwaachia watoto waijibu. Baada ya mazoezi niliwagawia karatasi, nikawaomba waandike maneno ya matangazo yoyote wanayoyakumbuka, ya bidhaa yoyote ile. Sikuitaja pombe. Sabuni ziliandikwa, mitandao ya simu iliandikwa, na bia ziliandikwa kwa wingi, nyingine pamoja na rangi za kopo. Mmoja aliimba wimbo wa tangazo tangu mwanzo hadi mwisho. Mwingine alinieleza kwamba bia fulani ni ya mabingwa na nyingine ni ya watu waliofanikiwa. Kati ya walioandika walikuwamo watoto wa nyumba ambazo pombe haivuki kizingiti.

Karatasi zile nilizitandaza mezani kwenye kikao cha wazazi, nikakaa kimya. Walizisoma wenyewe, kila mmoja akitafuta mwandiko wa mwanawe.

Hapo ndipo nilipoeleza. Tangazo la bia halihitaji kumuuzia mtoto wa miaka kumi chupa leo. Kazi yake ni kumzoesha, ili jina lile akue nalo kama anavyokua na majina ya wachezaji, na siku atakapowekewa glasi ya kwanza mbele yake asione kitu kigeni. Watafiti waliowafuatilia watoto na vijana kwa miaka wamekuta kwamba wanaokutana zaidi na matangazo ya pombe huelekea kuanza kunywa mapema, na walio tayari kwenye kunywa huongeza. Na kuanza mapema kuna gharama yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15 walikuwa na uwezekano wa mara nne zaidi wa kuja kuwa tegemezi wa pombe kuliko walioanza wakiwa na miaka 21. Ubongo wenyewe unaendelea kukomaa hadi kwenye miaka ya ishirini na kitu, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kujizuia na kupima matokeo.

Mzazi mmoja aliuliza kama hatutii chumvi, kwani bia si sumu. Nilimpa mambo mawili tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, kundi lile lile la moshi wa tumbaku. Na WHO inakadiria kwamba pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Hakuna aliyekuwa anamkataza mtu mzima kinywaji chake. Baadhi ya waliokuwa kikaoni wanakunywa na wanaendelea kunywa. Tulichokuwa tunakijadili ni kifua cha mtoto.

Swali gumu aliliuliza mzee mwenyekiti: "Sawa, na jezi atalipa nani?" Usimdharau anayeuliza hivi. Kampeni nyingi za namna hii hufia kwenye swali hili, kwa sababu wenye msimamo hawakuja na hesabu. Nilikuwa nimekuja nayo. Ukiondoa jina la bia, udhamini wote ulikuwa nguo tu. Hapakuwa na viatu wala nauli, hata mpira mmoja haukuwamo. Jezi zisizo na chapa, zenye jina la timu na namba mgongoni, zilikuwa ndani ya uwezo wetu tukichanga kwa awamu mbili. Mzazi fundi cherehani alijitolea kuziba zile zilizochanika ziwe za mazoezi. Asiyeweza kuchanga fedha alifua jezi za timu nzima kwa zamu yake, na hilo lilihesabiwa kuwa mchango kamili. Mwenyekiti aliipitia hesabu, akavua miwani, akasema, "Basi ziandikieni barua zirudi."

Kikao kile kile tuliandika kanuni fupi: timu ya watoto haipokei udhamini wa pombe, tumbaku wala kamari. Ningemshauri kila mwenye timu aiandike kanuni kama hiyo mapema, kabla zawadi haijafika mlangoni. Ikishafika, kila mtu anaanza kuona haya.

Barua ya kurudisha jezi ilianza kwa shukrani na haikuwa na neno kali hata moja. Meneja mauzo alikuja mwenyewe, mtu mstaarabu, na alikuwa na pendekezo: wangechapa upya jezi zile zile zikiwa na jina la bia yao isiyo na kilevi, ile yenye sufuri mbili. "Hiyo hata mtoto anaweza kunywa," alisema.

Nikiri kwamba baadhi yetu walianza kulegea. Lakini itazame jezi yenyewe. Jina ni lile lile, rangi ni ile ile, nembo ni ile ile, na sufuri zimejibanza pembeni. Nilimwita mwanangu, nikamwonyesha mchoro na kumuuliza ni kitu gani. Alitaja bia. Sufuri hakuzisema. Ujanja huu unajulikana, na nchi zilizoutafakari zimeuwekea uzio. Norway ilipiga marufuku matangazo ya pombe tangu mwaka 1975, na sheria yake ya leo inakataza hata kutangaza bidhaa nyingine inayobeba jina au alama ya kileo. Ufaransa ina sheria ya mwaka 1991 iliyopewa jina la Claude Évin, aliyekuwa waziri wa afya, inayozuia kampuni za pombe kudhamini michezo. Ndiyo maana mashindano ya raga ya vilabu vya Ulaya yaliyokuwa yakiitwa Heineken Cup, yakifika Ufaransa yaliitwa H Cup. Hata hapo ukitazama vizuri utaona jinsi herufi moja inavyoweza kubeba mzigo wa jina zima.

Mfano uliomaliza mjadala wetu ulikuwa wa Ireland. Sheria yao ya mwaka 2018 kuhusu pombe na afya ya umma inataja nguo za watoto waziwazi: hairuhusiwi kuuza nguo ya mtoto inayotangaza pombe. Sheria hiyo hiyo inazuia matangazo ya pombe ndani ya mita 200 kutoka shule, kituo cha kulelea watoto wadogo au uwanja wa umma wa michezo ya watoto. Nilipomsomea meneja, alicheka kidogo na kusema sisi hatuko Ireland. Kweli hatuko. Tulimshukuru tena na jezi zikapakiwa.

Kilichofuata kilikuwa bango lililosimama karibu na lango la shule. Hapa nimejifunza namna ya kulalamika ili ueleweke. Kwanza, ulizia sheria ya mahali unapoishi: kama kuna umbali uliowekwa kati ya shule na tangazo la pombe, na ni ofisi gani inayotoa kibali cha mabango. Pili, picha yako ioneshe bango na lango la shule pamoja kwenye fremu moja. Picha ya bango peke yake haithibitishi kitu. Pima umbali kwa futi ya kamba, uuandike. Barua isainiwe na mwalimu mkuu na wazazi, iombe jambo moja tu, na nakala iende kwa kampuni inayomiliki bango. Wengi huandikia kampuni ya pombe na kusahau kwamba mwenye bango ni mtu mwingine, mwenye kibali anachoogopa kukipoteza. Barua yetu haikujibiwa na yeyote. Asubuhi moja tulikuta tu bango limebandikwa tangazo la rangi za nyumba.

Simu ni vita vingine, na humo ushindi ni wa nusu nusu. Akaunti za Google zina mahali pa kupunguza matangazo ya pombe, kwenye kituo cha mipangilio ya matangazo; utaikuta pombe imeorodheshwa pamoja na kamari na nyinginezo. Ni kupunguza, si kufuta, nao wenyewe wanasema hivyo. Lililosaidia zaidi lilikuwa kuangalia mwaka wa kuzaliwa. Watoto wengi hujiongezea umri wanapofungua akaunti, na mtandao ukishaamini kwamba una miaka 25 unakutendea kama mtu wa miaka 25. Tulikaa wazazi na watoto, tukarekebisha. Kulikuwa na manung'uniko, kwa sababu umri wa kweli hufunga baadhi ya milango, na milango mingine walikuwa wakiipenda.

Lakini hakuna mpangilio unaomzuia mchekeshaji anayependwa na watoto asishike chupa huku nembo ikitazama kamera. Kwa hilo tumebaki na mchezo. Tukipumzika mazoezini, mtoto mmoja analeta tangazo alilokutana nalo na wenzake wanauliza: nani amelipia? anataka nani alione? nini kimeachwa nje ya picha? Swali la tatu ndilo wanalolipenda. Wamegundua kwamba kwenye tangazo la pombe hakuna anayetapika, hakuna anayedaiwa, kesho yake haijawahi kuoneshwa, na ufukweni pale hakuna hata mtu mmoja mnene. Siwapi majibu. Mtoto aliyeligundua jambo mwenyewe analitetea mbele ya marafiki zake kwa namna ambayo mahubiri yangu hayawezi.

Mchezo huo nauendesha kwa uangalifu tangu mtoto mmoja alipoacha ghafla kushiriki. Kwenye timu yoyote wamo watoto wanaoishi na mzazi mlevi, na kwao "nini kimeachwa nje ya picha" si fumbo. Wanakijua, kiko sebuleni. Wengine wanaogopa siku za mechi kubwa za televisheni kwa sababu wanajua usiku wake utakuwaje. Kwa hiyo tunajadili tangazo, hatumjadili mnywaji, na hakuna anayecheka walevi mbele yangu. Mtoto akinijia pembeni namwambia kwamba si yeye aliyesababisha, si kazi yake kumzuia mtu mzima asinywe, na kwamba akiogopa kurudi nyumbani kuna mtu mzima wa kumwendea. Huyo tulimchagua pamoja na mwalimu mkuu, na watoto wote wanamfahamu kwa sura. Siahidi siri. Mtoto anayepigwa nikimwahidi siri nitakuwa nimemfungia ndani na anayempiga, kwa hiyo namweleza tangu mwanzo kwamba jambo kama hilo nitalifikisha kwa wanaoweza kumlinda.

Jambo jingine ambalo wazazi walilileta wenyewe ni kuwatuma watoto pombe. Mtoto anayebeba chupa za baba kila jioni anazijua chapa zote, tena anajua ipi ni ya siku za furaha. Tulikubaliana kuliacha, na kwa kadiri ninavyoona baadhi wameliacha na baadhi hawajaliacha. Sina namna ya kuingia majumbani mwa watu.

Linalotusumbua sasa ni timu ya wakubwa. Mdhamini wao ni yule yule, na watoto wetu wanawaabudu wachezaji wale kiasi cha kuiga hata wanavyofunga kamba za viatu. Wakija kutusaidia mazoezini wamekubali kuvaa vizibao visivyo na maandishi juu ya jezi zao. Siku ya mechi wanavaa jina la bia kama kawaida, nasi tunakaa jukwaani tukiwashangilia. Mkataba wao unakwisha msimu ujao. Nimeomba nafasi kwenye kikao cha uongozi wao, na nimeanza kuulizia bei ya jezi za saizi kubwa.